Milki huru, milki ya kukodi, fleti au cheti cha hisa: ukinunua ardhi Nairobi unapata haki gani?

Jumapili moja mpwa wangu alikuja kwangu Donholm na bahasha ya kaki. Tulipomaliza chai alizitoa karatasi nne, akazipanga mezani na kuzinyoosha kwa kiganja. Ya kwanza ilikuwa nakala ya hati miliki ya kipande cha ardhi Riruta. Ya pili ilikuwa nakala ya hati ya nyumba ya Buruburu. Ya tatu ni mkataba wa fleti inayojengwa Kasarani. Ya nne ilikuwa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, chenye muhuri mwekundu, cha ploti iliyo upande wa Ruai.

"Shangazi," akasema, "mimi na baba watoto tumeweka akiba, na sako imekubali kutuongezea. Kati ya hizi, ipi ndiyo ardhi yenyewe?"

Nimekuwa karani katika ofisi ya wakili wa mambo ya ardhi kwa miaka 19. Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na karibu kila mara huja baada ya pesa kutoka. Safari hii lilikuja mapema, na nilishukuru. Tulikaa mpaka jua likazama. Ninayaandika tuliyozungumza kwa sababu najua kuna mwingine mwenye bahasha kama ile.

Ploti moja, wenye haki wengi

Tumezoea kusema "hili shamba ni langu" kana kwamba neno "langu" linamaliza mambo. Tazama jengo la vyumba vya kupanga kule Pipeline. Mwenye jina kwenye hati anaweza kuuza, kukodisha na kurithisha. Benki iliyomkopesha pesa za kujenga ina rehani: haiwezi kuhamia humo, lakini mkopo usipolipwa inaweza kuuza jengo zima kwa kufuata sheria. Mpangaji wa ghorofa ya tatu hawezi kuuza hata bawaba ya mlango, ila ana haki ya kuishi mle kwa amani, na mwenye nyumba hawezi kumtoa kiholela. Jirani wa nyuma ana haki ya kupita kwenye kichochoro. Kampuni ya umeme ina nguzo yake pale. Kaunti inadai reti, yaani kodi yake ya ardhi. Ikiwa ardhi ni ya kukodi, nyuma ya wote hao kuna serikali, na siku muda ukiisha ardhi inarudi kwake. Na ikiwa mwenye jengo anaishi humo na mkewe, mke naye ana kauli hata kama jina lake halimo kwenye hati: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini ya wanandoa wote wawili kabla ya mali ya ndoa kuuzwa, na Sheria ya Ardhi ya 2012 haitambui rehani ya nyumba ya ndoa ambayo mwenzi hakuikubali.

Wote hao wana haki juu ya udongo uleule, kwa wakati uleule, na haki ya mmoja haifuti ya mwingine. Ndiyo maana sipendi kumjibu mtu kwa kumwambia "hii ndiyo ardhi, hii siyo". Namwambia aulize swali lingine: pamoja na mimi, nani mwingine ana kauli hapa, na kauli yake ina nguvu kuliko yangu?

Rejista ya ardhi imegawanywa sehemu tatu kwa kufuata wazo hilohilo. Ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe: namba, ukubwa, na kama ni huru au ya kukodi. Ya pili inataja mmiliki. Ya tatu ina mizigo: rehani, mazuio (maombi ya anayedai haki kwamba ardhi isiuzwe kwanza), amri za korti, ukodishaji. Wanunuzi wengi hukimbilia sehemu ya pili, wakiona jina linafanana na la kitambulisho cha muuzaji wanapumua. Mimi huanza na ya tatu.

Riruta dhidi ya Buruburu

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu mpwa wangu alikuja akiwa tayari ameamua. Riruta ni milki huru, ile mawakala huita frihodi. Buruburu ni ya kukodi, lisihodi. Kwake ilikuwa wazi kwamba huru ni bora.

Kwa maneno ya sheria, ana hoja. Milki huru haina mwisho. Unaitumia, unaiuza, unamwachia mtoto, naye anamwachia wake, bila mtu kuhesabu miaka. Hulipi serikali ya kitaifa kodi ya ardhi ya kila mwaka. Reti za kaunti ndizo zinazokuhusu. Mipaka yake ni haki za watu wengine na mamlaka ya serikali ya kusimamia matumizi ya ardhi. Kaunti bado itataka ramani ya jengo lako iidhinishwe. Madini yakipatikana chini ya nyumba, ni mali ya umma kwa mujibu wa kifungu cha 62 cha Katiba. Serikali ikihitaji ardhi kwa barabara inaweza kuichukua, ila lazima ikulipe fidia ya haki na bila kuchelewa.

Milki ya kukodi ina tarehe ya mwisho. Unaipata kutoka kwa serikali ya kitaifa au kaunti kwa miaka iliyotajwa, mara nyingi 99, na hati huja na masharti: utajenga nini, utaitumia kwa kazi gani, utalipa kodi kiasi gani kwa mwaka. Ukitaka kuuza unahitaji kibali cha aliyekukodisha na cheti kwamba hudaiwi. Hati ya Buruburu aliyoniletea ilisema miaka 99 kuanzia tarehe 1 Januari 1975. Nilimpa kalamu apige hesabu mwenyewe. Muda unaisha mwishoni mwa 2073. Binti yake aliyezaliwa 2019 atakuwa na miaka 54.

"Kwa hivyo tunanunua kitu kitakachomfia mtoto mkononi?" akauliza.

Si hivyo. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi kinampa raia wa Kenya aliyekuwa na ardhi hiyo nafasi ya kwanza ya kuongezewa muda, mradi ardhi haihitajiki kwa manufaa ya umma. Busara ni kuomba mapema kabla muda haujaisha, si kungoja siku ya mwisho. Kinachoumiza kwa kawaida ni kingine: miaka ikibaki michache, benki husita kuichukua ardhi hiyo kama dhamana, na bei ya kuuza hushuka. Miaka 40 na zaidi haijafika huko. Miaka 15 ningemwambia aombewe nyongeza kwanza, ndipo anunue.

Kwa msomaji asiye raia, hapa hakuna cha kuchagua. Tangu Katiba ya 2010, mgeni anaweza kuwa na ardhi ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Hati za zamani za miaka 999 zilizokuwa mikononi mwa wageni zilikatwa zikawa 99. Raia aliye na hati ya miaka 999 yuko karibu sana na mwenye milki huru.

Sasa turudi Riruta, kwa sababu jambo lililonitia hofu lilikuwa huko.

Riruta, Waithaka, Mutuini, Ruthimitu na Uthiru ni Dagoretti. Zamani huko kulikuwa sehemu ya Kiambu, na ardhi ilikusanywa na kusajiliwa kuanzia miaka ya 1950, enzi ya Hali ya Hatari. Makarani waliandika jina moja kwa kila kipande, mara nyingi jina la mwanamume mkubwa wa nyumba. Lakini katika fikra za familia, mzee yule hakuwa mmiliki wa peke yake. Alishika kwa niaba ya wake zake, wanawe, na pengine ndugu aliyekuwa kizuizini wakati daftari linaandikwa. Sheria inaita jambo hilo amana ya kimila, na amana hiyo inaifunga ardhi hata kama haikuandikwa popote kwenye rejista. Katika kesi iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2018 kwamba anayedai amana ya aina hiyo si lazima awe anaishi kwenye ardhi hiyo. Lililo muhimu ni kwamba ardhi ilikuwa ya familia au ukoo kabla ya kusajiliwa, na kwamba yeye ni mtu wa karibu wa familia hiyo ambaye angestahili kuandikwa.

Nilimwambia mpwa wangu asome tena jina kwenye ile nakala. Lilikuwa la mzee. Anayeuza ni mjukuu.

"Babu yake alifariki," akasema. "Ameniambia wamekubaliana nyumbani."

Makubaliano ya nyumbani hayahamishi ardhi. Aliyekufa hawezi kutia sahihi, na mjukuu hana cha kuuza mpaka korti imteue msimamizi wa mirathi na uteuzi huo uthibitishwe. Kati ya hapo kuna tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za wenye pingamizi kujitokeza, na kwa kawaida miezi sita kabla ya kuthibitishwa. Sheria ya Urithi inamkataza hata msimamizi kuuza ardhi kabla ya uthibitisho. Ukinunua kabla ya hapo, unanunua ugomvi wa watu usiowajua, na utajikuta Mahakama ya Mazingira na Ardhi ukiwa umekaa upande mmoja na shangazi wanane wa muuzaji upande wa pili. Nimewaona wanunuzi hao. Baadhi walikuwa wamejenga hadi linta.

Kwa hiyo maoni yangu, na najua wengi hawatayapenda: hapa Nairobi, milki ya kukodi iliyo safi na yenye miaka ya kutosha inashinda milki huru ambayo familia bado haijaigawa. Neno "huru" kwenye hati linahusu muda tu. Halikuambii kama ardhi imeachiliwa na watu.

(Ukivuka mpaka wa jiji kwenda Kiambu au Kajiado, kuna hatua moja zaidi. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lifikishwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kutiwa sahihi, la sivyo mkataba huo hauna nguvu.)

Fleti ya Kasarani

Mtu akinunua fleti huona kuta na sakafu, lakini haki yake ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni nyumba yake. Cha pili ni fungu lake katika vitu vya wote: ngazi, paa, maegesho, tangi la maji, na udongo wenyewe. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inaruhusu kila nyumba kuwa na hati yake, na wamiliki wote kwa pamoja wanakuwa shirika linalosimamia vitu vya wote na kukusanya michango.

Zamani haikuwa hivyo. Mnunuzi alipewa ukodi mdogo wa muda mrefu, yaani ukodi unaotoka ndani ya hati ya mwingine, na hati mama, ile ya ardhi yote, ikabaki kwa kampuni ya usimamizi, ambayo mara nyingine iliendelea kuwa mikononi mwa mjenzi. Kwenye majengo ya namna hiyo watu wamekaa miaka bila kuwa na sauti juu ya paa linalovuja. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa fleti ni hili: nitapata hati ya sehemu yenye jina langu, au nitapata ukodi mdogo?

La pili: ardhi iliyo chini ya jengo ina muda gani? Fleti haiwezi kuishi kuliko ardhi yake. Ikiwa hati mama imebakiza miaka 40, wewe wa ghorofa ya tano pia umebakiza 40.

La tatu ndilo lililohusu mkataba wa mpwa wangu. Jengo lilikuwa bado linapanda, na mjenzi alikuwa amekopa benki akiweka hati mama rehani. Hilo peke yake si kosa. Majengo mengi hujengwa hivyo. Hatari ni kwamba rehani ya benki ilisajiliwa kabla ya haki yako. Ukilipa pesa zote kwa mjenzi naye asiilipe benki, benki inaweza kuuza ardhi, nawe ukabaki na risiti. Mkataba unapaswa kusema wazi kwamba benki itaiachilia nyumba yako kutoka kwenye rehani ukishalipa, na benki yenyewe ithibitishe hilo kwa maandishi. Mkataba ule haukuitaja benki hata mara moja. Tuliuweka kando.

Isipokuwa hilo, kwa familia changa inayofanya kazi mjini fleti yenye hati yake si chaguo baya hata kidogo. Nasema hivyo kwa sababu wazee wetu hudhani nyumba ya ghorofani si mali.

Cheti cha hisa, na barua ya mgao

Hapa nitasema kwa uchungu, nisamehewe.

Mama yangu alikuwa na cheti cha namna ile ile, chenye muhuri mwekundu vilevile. Alikilipia kidogokidogo kwa pesa za sukuma wiki, yeye na wenzake wa chama. Kampuni siitaji. Walipelekwa kwa lori siku moja wakaonyeshwa ploti zao, kila mmoja akasimama kwenye bikoni zake, zile alama za mipaka, na kufurahi. Miaka kadhaa baadaye walipelekwa tena, na ploti ya mama ilikuwa mahali pengine, karibu na korongo. Mara ya tatu alienda peke yake, akakuta mtu amechimba msingi, na mtu huyo alikuwa na cheti chenye namba ileile. Mama alifariki 2011. Cheti nilikikuta ndani ya Biblia yake, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni kisilowe.

Mama hakuwa mjinga. Alichokuwa nacho kilikuwa haki ya kweli, lakini haikuwa haki juu ya ardhi. Cheti cha hisa kinakufanya mwanachama wa kampuni. Kampuni ndiyo yenye ardhi, kwa hati mama moja. Wewe unaidai kampuni ikupe kipande. Ukienda Ardhi House, makao ya Wizara ya Ardhi, kutafuta jina lako, halimo. Namba ya ploti iliyo kwenye cheti ni ya daftari la kampuni, na daftari hilo liko kwenye kabati la mkurugenzi. Akiandika namba moja mara mbili, hakuna rejista ya serikali ya kumsuta. Benki haiwezi kusajili rehani juu yake. Na ukitaka kuuza, unauza dai.

Lazima niwe mkweli upande wa pili pia. Sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa Nairobi, kuanzia Githurai na Zimmerman hadi Ruai, ilinunuliwa na watu wa kawaida kupitia makampuni na vyama vya ushirika, na wengi wao leo wana hati miliki kamili. Njia hiyo iliwapa ardhi watu ambao benki haikuwatazama. Kwa hiyo usikitupe cheti kwa kukiona tu. Uliza: hati mama iko kwa jina la nani, na je, ina rehani? Mgawanyo umeidhinishwa, au ploti ziko kwenye mchoro wa mkono tu? Mpima ardhi aliyeweka bikoni ana leseni? Majirani wa pande nne wamepata hati? Ikiwa majirani wa mtaa mzima wana hati na wewe bado, kuna sababu. Na kiasi kikubwa cha pesa kibaki kwa wakili mpaka hati itoke kwa jina lako.

Barua ya mgao ni ndugu wa cheti. Hii hutoka serikalini au kaunti, ina nembo, na kwa hiyo huwadanganya watu zaidi. Ni ahadi: serikali inasema iko tayari kukupa ardhi ukikubali masharti na kulipa kwa muda uliotajwa. Mpaka ulipe, upimwe, usajiliwe na upewe hati, huna ardhi ya kumhamishia mtu. Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Juu ilisema hivyo waziwazi: barua ya mgao peke yake haimpi aliyepewa umiliki anaoweza kuuuza. Wapo wanaonunua barua hizo kila wiki hapa mjini, tena kwa mkataba wenye muhuri wa wakili na shahidi mzee wa mtaa. Mashahidi hawaongezi haki isiyokuwepo.

Hati yenye mizizi mibovu

Mpwa wangu alidhani akishapata hati ya kijani au ya pinki iliyotoka Ardhi House, mambo yamekwisha. Zamani hata mawakili walizungumza hivyo. Siku hizi hati ni ushahidi mzito, lakini kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinaruhusu ipingwe ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Katiba nayo, kifungu cha 40(6), inasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana isivyo halali.

Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliifikisha kanuni hiyo mahali pake katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Ardhi ile ilikuwa nafasi ya umma iliyogawiwa mtu bila utaratibu, kisha ikauzwa na kuuzwa tena. Mnunuzi wa mwisho alisema alinunua kwa nia njema na kwa hati. Korti ikasema kwamba mgao wa kwanza ulikuwa na kasoro, kwa hiyo hati zilizofuata hazingeweza kumlinda. Usitazame hati ya muuzaji tu. Tazama jinsi ya kwanza kabisa ilivyozaliwa.

Watu wa Nairobi wanajua maana ya hilo bila kusoma kesi. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza kwa kurasa nyingi jinsi ardhi ya shule, barabara, misitu na nyumba za serikali ilivyogawiwa watu binafsi. Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa kwa madai kwamba ziko kwenye ardhi ya uwanja wa ndege. Mei 2020, mvua ikinyesha na janga likiendelea, familia za Kariobangi zilitolewa kwenye ardhi ya mtambo wa majitaka. Baadhi ya waliobomolewa walikuwa na karatasi mikononi.

Kwa hiyo ploti ikiwa karibu na reli, mto, njia kuu, shule, kituo cha polisi au mtambo wowote wa umma, usiishie kwenye sachi, yaani kuulizia hati kwenye rejista. Nenda ofisi za upimaji wa ardhi Ruaraka, utazame ramani ya eneo. Waulize wakazi wa zamani pale palikuwa na nini. Mzee mmoja wa Kayole aliwahi kuniokolea mteja kwa kusema tu, "Hapo tulikuwa tukicheza mpira wa shule."

Na kuna wale waliokaa. Mtu akikaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 waziwazi, bila ruhusa na bila kufukuzwa, anaweza kwenda kortini kudai iwe yake. Ndiyo maana kuitembelea ploti kuna maana kuliko kutazama bikoni tu. Ukikuta sukuma, banda la kuku na mtu anayekuangalia, keti naye umuulize amekuwa hapo tangu lini. Kwa ardhi ya umma hali ni tofauti. Miaka 12 haimpi mtu chochote.

Majina mawili kwenye hati moja

Mpwa wangu alitaka waandikwe wote wawili. Nilimuuliza: kwa njia gani?

Kuna njia mbili, na tofauti yake huonekana siku ya msiba. Katika umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifariki, ardhi yote inabaki kwa aliye hai bila kupitia mirathi. Katika umiliki wa mafungu, kila mmoja ana sehemu yake, nusu kwa nusu au vinginevyo, na fungu la marehemu huenda kwa warithi wake. Tangu 2012, umiliki usiogawanyika unaweza kuanzishwa na wanandoa tu, isipokuwa korti iruhusu. Wengine wote huhesabiwa wana mafungu.

Kwa mume na mke wasio na watoto wa nje, ule usiogawanyika huwaepusha na mengi. Palipo na watoto wa ndoa ya awali, mafungu ni ya haki zaidi. Kwa chama cha marafiki ni mafungu tu, na muandike hasa ni mafungu ya ukubwa gani, kwa sababu asiyechangia sawa atakumbuka siku ya kuuza.

Pesa zinazosahaulika

Kodi ya stempu kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4 ya thamani, na hulipwa na mnunuzi. Kwa kila milioni moja, weka kando 40,000. Muuzaji naye ana kodi ya faida ya mali, asilimia 15 tangu Januari 2023, na ndiyo sababu baadhi yao humshawishi mnunuzi kuandika bei ndogo kwenye mkataba. Usikubali. Mambo yakiharibika, korti itasoma bei ile uliyoandika. Mkataba wenyewe lazima uwe wa maandishi, uwe na sahihi, na ushuhudiwe. Neno la mdomo halishiki ardhi.

Sachi ya Nairobi siku hizi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021. Namba za zamani zimekuwa zikibadilishwa kuwa namba mpya za bloku, kwa hiyo hakikisha namba ya hati unayoonyeshwa ndiyo iliyo kwenye rejista leo, na ikiwa imebadilika, upate ushahidi wa mabadiliko hayo.

Tulipofika hapo giza lilikuwa limeingia. Cheti cha hisa kilirudi kwenye bahasha. Riruta tukaandika juu yake "baada ya mirathi", na tarehe ya kuuliza tena. Kasarani tukangoja mjenzi alete barua ya benki. Ikabaki Buruburu, ile aliyokuja akiidharau.

Sachi ilirudi wiki iliyofuata. Sehemu ya kwanza ilikuwa sawa, na miaka ilikuwa ileile tuliyohesabu. Sehemu ya pili ilikuwa na jina la muuzaji. Kwenye ya tatu hakukuwa na rehani, ila kulikuwa na zuio lililowekwa miaka mitatu nyuma na mwanamke anayedai haki ya mke. Muuzaji hakuwahi kumtaja. Mpwa wangu alinipigia simu sauti ikitetemeka, akauliza kama mambo yameharibika.

Nilimwambia bado. Wakili akamtafuta yule mama na kumwomba aje ofisini aeleze madai yake, na mpaka siku mama huyo alipokuja, muuzaji alikuwa hajalipwa hata shilingi moja.